Weka Kwanza Nauli ya Kurudi

Vijana wanaojiunga na mazoezi yetu ya alfajiri, tunapokimbia hapa Mbeya kutoka Kabwe hadi Uyole na kurudi, huniuliza swali moja kwa namna nyingi: mtu asiye na ajira anawezaje kufika Moshi kukimbia Kilimanjaro Marathon? Wengi wao wamemaliza chuo mwaka mmoja au miwili iliyopita. Vyeti wanavyo, pumzi wanayo, mshahara hawana. Nami niliishi hivyo kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo nilikwenda Moshi mara mbili, ya kwanza kwa fedheha na ya pili kwa utulivu. Haya ninayokuandikia, mdogo wangu, yametokana zaidi na ile ya kwanza.

Mara ile nilikusanya ada ya usajili na nauli ya kwenda tu, nikajiambia kwamba nikishafika Mungu atafungua njia. Nilimaliza kilomita 42.195 nikichechemea, na jioni ya Jumapili nikajikuta nimekaa stendi ya Moshi nikiwa na medali shingoni na shilingi 7,500 mfukoni, huku wapiga debe wakinipongeza na kuniuliza ninaelekea wapi. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi nilishusha magunia ya vitunguu na mikungu ya ndizi sokoni, kwa miguu ambayo haikuweza hata kushuka ngazi mbili bila kushika ukuta. Mungu alifungua njia kweli, lakini kwa mgongo wangu. Tangu hapo, shilingi ya kwanza ninayotenga kwa ajili ya safari yoyote ya mbio ni ya nauli ya kurudi, nayo haikai kwangu. Humpa shangazi yangu wa Igawilo, ambaye nimemwomba asinitumie hata senti kabla ya Jumapili jioni, hata nikimpigia simu nikilia.

Nauli yenyewe usiikisie, ihesabu. Kutoka Mbeya kwenda Moshi hulazimiki kuzungukia Dar es Salaam. Kuna njia ya kupitia Makambako, Iringa, Mtera, Dodoma, Babati na Arusha, ambayo kwa jumla ni takriban kilomita 1,100. Viwango vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023 viliweka nauli ya basi la daraja la kawaida la masafa marefu kuwa shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita, na daraja la kati shilingi 67.84. Kwa hesabu hiyo, kwenda peke yake ni shilingi 53,000 na ushee kwa basi la kawaida, na karibu 75,000 kwa daraja la kati. Kabla ya kukata tiketi angalia kama kuna viwango vipya, kisha piga hesabu hiyo hiyo, ili wakala akikutajia bei uwe na namba yako kichwani. Zidisha mara mbili, ongeza daladala na bodaboda za huku na huko, na hapo utakuwa umepata kipande kimoja tu cha gharama.

Kipande ambacho wengi wetu hatukioni ni siku tusizofanya kazi. Mwenye mshahara huomba likizo, na mwisho wa mwezi pesa yake huingia kama kawaida. Wewe unayeishi kwa vibarua ukiondoka Alhamisi ukarudi Jumanne, hizo ni siku sita zisizo na malipo, na kama nyumbani unachangia unga au umeme, siku hizo bado zinadaiwa. Wazazi wakiuliza, "Huna kazi, unakimbilia nini?" usiwajibu kwa ukali, kwa sababu nusu ya swali lao ni la haki. Mimi mara ya pili nilimwachia mama debe la mahindi na pesa ya umeme ya wiki mbili kabla sijamwambia tarehe ya safari, na swali halikuulizwa tena.

Sasa pesa itoke wapi? Mbio hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, hivyo anza kukusanya mara tu baada ya mavuno ya mwaka uliotangulia. Kupakia viazi kwenye malori Uyole kunalipa siku hiyo hiyo, ila lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, ni adui wa goti. Nilikubali kazi hiyo hadi Novemba, nikaiacha mazoezi marefu yalipoanza. Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya Januari, ya kupandikiza mpunga katika Bonde la Usangu, kwa sababu ilinilipa mara mbili, kwa pesa na kwa kunizoesha joto. Jiji letu liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa pili huku ni mvua na ubaridi, ilhali Moshi iko chini ya mita 1,000 na Februari huwa na joto kali. Mara ya kwanza mlima haukunishinda, kwani ile nusu ya pili inayopanda kuelekea Mweka ni mchezo kwa aliyezoea vilima vyetu. Kilichoniangusha ni jua. Mara ya pili nilikaa Igurusi wiki tatu kwa binamu yangu, mchana nikipandikiza kwenye majaruba, jioni nikikimbia kando ya mifereji wakati vumbi bado lina moto. Wiki ya kwanza kilomita nane zilinitoa ulimi. Wiki ya tatu nilikimbia kilomita 20 nikaoga na kula kwa hamu. Mgongo uliuma, sitakuficha, na kwa sababu hiyo usipandikize katika siku kumi za mwisho kabla ya mbio.

Kuna milango miwili ya pesa ambayo nakusihi usiigonge. Mlango wa kwanza ni mikopo ya kausha damu, ambayo hutolewa kwa dakika tano na kulipwa kwa miezi. Medali haiwekwi rehani na mkimbiaji asiye na ajira hana cha kurejesha kila wiki. Mlango wa pili ni matumaini ya zawadi. Wanaoshinda Moshi ni wanariadha waliobobea, Wakenya na Watanzania, wanaokimbia kama kazi, kwa hiyo zawadi isiingie kwenye bajeti yako hata kwa mzaha.

Michango ni jambo jingine, na haina aibu ikiombwa kwa adabu. Niliandika barua kwa wafanyabiashara kumi na mmoja wa Mwanjelwa na Mafiati nikiomba "msaada wa hali na mali", na wote wakaniambia nirudi wiki ijayo. Nilipoandika upya nikaomba kitu kimoja kinachotajika, yaani tiketi ya kwenda, nikiambatisha nakala ya uthibitisho wa usajili na kueleza kwamba nauli ya kurudi ninayo tayari, wawili waligawana tiketi hiyo. Mmoja wao alinieleza wazi kwamba ile sentensi ya nauli ya kurudi ndiyo iliyomfanya aniamini.

Usajili ufanye mapema, kwa sababu nafasi hujaa na dirisha hufungwa, na kiwango cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki. Soma pia maelekezo ya kuchukua namba ya mkimbiaji: huchukuliwa siku za kabla ya mbio, na anayefika Moshi Jumamosi usiku huenda akawa amesafiri zaidi ya kilomita elfu moja kuja kushangilia wenzake. Ondoka Alhamisi. Ukikaa kwenye kiti karibu saa ishirini miguu huvimba, nayo inahitaji Jumamosi nzima ya kutembea taratibu na kulala.

Jambo moja linalomhusu asiye na ajira peke yake ni usaili. Mwaka mmoja, nikiwa nimekwisha kukamilisha akiba, niliitwa kwenye usaili Dodoma kwa taarifa ya siku nne, nikatumia pesa ya mbio yote kwa nauli, gesti na kutoa nakala za vyeti. Kazi sikupata, na Moshi sikwenda. Sijutii, kwani usaili ni lazima uwe mbele ya mbio, lakini tangu hapo nilitenga akiba ndogo ya usaili mbali na ile ya safari, kila moja mahali pake. Kama huwezi kujaza zote mbili, jaza ya usaili kwanza na uahirishe Moshi mwaka mmoja, mlima upo.

Malazi wikendi ile hupanda bei, na gesti za karibu na Chuo Kikuu cha Ushirika, ambako mbio huanzia na kuishia, hujaa mapema. Usianze kutafuta gesti kabla ya kutafuta mtu. Hapa Mbeya wapo wafanyabiashara wengi ambao kwao ni Kilimanjaro, na mama mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi jirani na kwetu, nilipomweleza kwa heshima, alimpigia simu mdogo wake anayeishi Pasua, Moshi, mbele yangu. Nilikwenda na kilo tano za mchele wa Kyela, nikalala usiku tatu kwenye godoro safi, na asubuhi ya Jumapili mwenyeji wangu aliamka saa tisa kunichemshia ndizi.

Chakula cha njiani nacho ni cha kubeba, ila si kila chakula. Mara ya kwanza nilifungasha wali na maharage kwenye hotpoti, nikaifungua baada ya kuvuka bwawa la Mtera, na jirani yangu wa kiti akafungua dirisha kabla yangu. Wali ulikuwa umechacha. Beba viazi vilivyochemshwa na maganda yake, mayai, karanga na ndizi ambazo bado zina ukijani. Hivyo hufika Arusha vikiwa vizima, na utapita kwenye hoteli za njiani ukinunua maji tu.

Kuhusu kiatu nitasema kidogo. Mitumba ya Soweto na Mwanjelwa hapa Mbeya inatosha, ukijua kuchagua. Usiangalie rangi wala jina la kampuni. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiingia na kurudi taratibu, bado ina uhai. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi ubavuni, mwache muuzaji aisifu peke yake. Kinunue miezi miwili kabla, ili malengelenge uyamalizie Mbeya.

Wapo wanaoniuliza pia kuhusu Comrades ya Afrika Kusini, ile ya takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg iliyoanza mwaka 1921 na inayomtaka mtu amalize ndani ya saa 12. Ni kweli kwamba Tunduma iko mlangoni kwetu na barabara ya kusini inaanzia hapo, lakini hati ya kusafiria peke yake ni shilingi 150,000, na huruhusiwi kuanza bila kuwa umekimbia marathoni kamili kwa muda unaokubalika. Moshi ndiyo inayokupa hiyo marathoni. Anzia hapo.

Tiketi ya kurudi ikate kwa basi la Jumatatu, wala usijaribu kupanda gari jioni ya Jumapili, kwa kuwa misuli hukaza usiku na ndani ya basi hakuna pa kuinyoosha. Omba kiti cha upande wa njia, na kila basi linaposimama ushuke, hata kama abiria wengine watacheka unavyoshuka kinyumenyume. Mara ya pili, Jumapili saa kumi na mbili jioni, simu iliita nikiwa nimeweka miguu kwenye beseni la maji baridi pale Pasua. Alikuwa shangazi. Hakuuliza nimekuwa wa ngapi. Aliuliza kama namba ya kutumia pesa ni ile ile.