Ukienda Mbale kuangalia imbalu, usiishie Mutoto

Mara ya kwanza naenda Mbale, mji wa mashariki mwa Uganda, nilichelewa. Ilikuwa Agosti 2022, nimetoka Arusha na shatoo mpaka Nairobi, nikadaka basi la usiku la Kampala linalopitia Malaba, nikashuka Tororo alfajiri macho mekundu kama pilipili, nikapanda taksi mpaka Mbale (taksi kwa Waganda ni ile Hiace yetu ya daladala kwa hiyo usishtuke ukadhani umepandishwa gari la mabosi), nafika namwambia jamaa wa bodaboda nipeleke Mutoto kwenye imbalu, akacheka mpaka akazima pikipiki. Uzinduzi ulishapita.

Kwa wasiojua, imbalu ni jando la Wamasaba, wengine tunawaita Wagisu, wanaoishi kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, mlima wenyewe wao wanauita Masaba. Inafanyika kila mwaka wa namba shufwa, yaani 2022, 2024, inayofuata 2026, na ng'ambo ya Kenya Wabukusu wa Bungoma nao wanatahiri miaka hiyohiyo. Uzinduzi unafanyika Mutoto, nje kidogo ya mji, pale ambapo wanaamini ndipo jando lilipoanzia. Mzee mmoja alinihadithia kwamba babu yao Masaba alimpenda binti wa Kikalenjini anaitwa Nabarwa, binti akasema sawa nakubali ila kwanza ukatahiriwe kama wanaume wa kwetu. Mzee akamalizia, "Unaona sasa, mwanamke ndiye alituletea hii shida," na mkewe pembeni hakujibu, aliendelea tu kuchambua mboga.

Sasa kosa langu lilikuwa tarehe, nilidhani kama ni Agosti basi ni Agosti tu. Siku inatangazwa na wenyewe, Inzu ya Masaba, taasisi yao ya utamaduni, kwa hiyo kabla hujakata tiketi mtafute mtu wa Mbale umuulize. Ila pia usilie ukikosa, maana msimu unaendelea mpaka Desemba huko vijijini, na hapo ndipo mimi nilipopata bahati yangu. Yule wa bodaboda alinitazama, akaniuliza kwa Kiswahili safi kabisa, "Bro, wewe unataka mahotuba au unataka imbalu?" Nikamwambia imbalu. Akasema kesho mtoto wa dada yake anasimama, yaani anatahiriwa, huko juu, kama naweza kupanda.

Kupanda nilipanda ila nilivaa raba nyeupe. Jamani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kuliko sabuni, watoto wananipita na ndoo za maji kichwani mimi nashika migomba na mibuni nisibiringike. Nunua gambuti sokoni Mbale kabla hujapanda. Na mwenyeji akikwambia leo mvua ni nyingi hatuendi, usibishane naye hata kidogo, hii ni milima inayomeguka na kufukia watu, Bududa Machi 2010, Bulambuli Novemba 2024, wao wakitazama mlima hawaangalii mandhari.

Usiende mikono mitupu. Mimi nilibeba sukari kilo nne na sabuni za mche, na hela ndogondogo za kutunza, maana kutunza kupo kama kwenye ngoma zetu tu, kijana anapita kwa ndugu mmoja mmoja akicheza, shangazi, baba mdogo, na mjomba hasa, na kila mtu anatoa chochote. Ukitoa noti moja kubwa ya kuonyesha unajiaibisha, gawanya.

Kadodi unaisikia kabla hujaiona. Ni ngoma kadhaa, zimening'inizwa shingoni, wapigaji wanatembea huku wanapiga, na sauti inazunguka kwenye mabonde hivyo hujui inatokea upande gani, halafu ghafla kundi zima linakuibukia kwenye kona. Kijana alikuwa mbele. Miaka 18, ngozi ya mbega kichwani, shanga zimepishana kifuani, njuga zimefungwa mapajani, uso na kifua vimepakwa unga wa kimea umekauka umeanza kupasuka kama matope ya kiangazi. Alikuwa amecheza siku tatu. Sauti ilishakauka kabisa, anaimba kwa kupuliza filimbi tu.

Hapa ndipo ushauri wangu mkubwa ulipo, na sikuusoma popote: omba kazi. Mimi nilikuwa nimesimama na simu juu kama mtalii yeyote, mama yake kijana akaja, hakunigombeza, akaniambia tu "mwanangu nishikie hii", akanipa kigoda na kanga. Kigoda cha mtoto kukalia akimaliza, kanga ya kumfunika. Basi nikawa na mikono miwili imejaa, simu nikaitia mfukoni, na kwa sababu nilikuwa na kigoda watu wakanipisha mpaka mbele kabisa. Kijana alisimama na fimbo nyuma ya shingo, kaitia mabegani kwa mikono yote miwili, macho yameelekea juu ya paa. Kelele zote zikakatika, yaani nilisikia kuku. Mimi sikuangalia kisu, niliangalia uso wake, hakupepesa. Mjomba wake alikuwa anapepesa kwa niaba yake. Halafu filimbi ikalia, wanawake wakapiga vigelegele, mtu akanisukuma mgongoni, "Kigoda! Kigoda!", nikakimbia.

Picha ya tukio lenyewe sina na sijutii. Kama ni lazima upige, piga ngoma na mavazi, uliza kwanza, na ile dakika ya kisu acha.

Wanaume mjiandae, mtaulizwa kama mmetahiriwa, na wanauliza bila aibu, mpaka bibi wa miaka themanini. Nikajibu ndiyo, nilipelekwa hospitali nikiwa mdogo. "Na sindano ya ganzi?" Ndiyo. Walicheka mpaka mmoja akaweka chini mrija wa pombe. Jina langu kijijini mpaka leo ni Ganzi. Dada zangu mlioniuliza inbox kama na ninyi mtacheza, kadodi mtavutwa ndani mtake msitake, fungeni kanga kiunoni na mjue kesho yake nyonga zitauma.

Kula malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yanakaushwa kwa moshi halafu yanapikwa na karanga, unakula na matoke. Ladha ya moshi inabaki mdomoni mpaka jioni. Mimi nilirudi na furushi Arusha, mke wangu kasema yananuka kama jiko la bibi yake, sijajua kama ni sifa.

Mutoto yenyewe nilikuja kuiona 2024. Siwezi kukwambia usiende, ule umati na ngoma zote zikilia pamoja ni kitu, lakini wageni rasmi ni wengi, hotuba ndefu, nilipokuwa nimesimama niliona migongo, na saa tisa simu yangu ikachukuliwa kwenye msukumano bila hata kuhisi. Nenda asubuhi, simu mfuko wa mbele, ondoka kabla jioni haijaingia. Siku ya pili panda kijijini.

Ya mpakani ni machache: Watanzania beba pasi na cheti cha homa ya manjano, Wakenya kitambulisho kinatosha badala ya pasi. Na jifunze kusema "mulembe", salamu yao, unapoingia kwenye boma la mtu, milango inafunguka.

Mdogo wake yule kijana anasimama Agosti 2026. Mama ameshanipigia, anataka kanga doti mbili kutoka Dar, na ameniambia kigoda ni kilekile.