Maswali na Majibu: Chanjo na Kinga ya Mwili

Mwanangu alichomwa Penta akashinda na homa usiku kucha. Je, chanjo imemletea ugonjwa? (Mama, Uyole)

La, mama. Penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, haina kimelea hai hata kimoja, hivyo haiwezi kumwambukiza mtoto dondakoo wala kifaduro. Homa hiyo ni dalili kwamba mwili umemtambua adui na unatengeneza kingamwili, yaani askari wake wa kupambana na maradhi. Mnyonyeshe na umpunguzie nguo, maana kwa baridi ya huko najua umemviringisha blanketi tatu. Homa ikizidi siku mbili, au akipata degedege, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Si bora mtoto augue surua apate kinga ya asili? (Baba, Mafinga)

Swali hili nimelijibu mpaka kalamu imechoka. Kinga ya asili ipo, ila bei yake ni nimonia, upofu na pengine kaburi. Tena virusi vya surua hushambulia seli zilezile zinazotunza kumbukumbu ya maradhi ambayo mwili umekwisha kuyashinda, hata mtoto aliyepona akabaki dhaifu mbele ya vimelea vingine kwa miezi mingi. Chanjo ina virusi vilivyodhoofishwa, kwa hiyo mwili hujifunza bila kulipa gharama hiyo. Na kwa kuwa umenichokoza, niongeze hili: wazazi wengi huifungia kadi ya kliniki sandukuni mtoto akitimiza miezi 9 na kupata dozi ya kwanza ya surua, ilhali katika kila watoto 100 wanaochanjwa umri huo takriban 15 hawapati kinga, baadhi yao kwa sababu kingamwili walizorithi kwa mama bado huizima chanjo. Dozi ya miezi 18 imewekwa kwa ajili yao, na hakuna mzazi awezaye kujua kwa macho kama wake yumo.

Huku Makete maji huganda alfajiri. Friji ya chanjo ina kazi gani? (Mhudumu wa afya ngazi ya jamii)

Kazi yake ni pamoja na kuzuia huo mgando. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Penta na ile ya pepopunda zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka tena. Tikisa kichupa cha namna hiyo kisha ukiweke mezani: utaona chengachenga zikituama upesi na maji ya juu yakibaki maangavu. Hicho hakichomwi mtu.

Mbwa nisiyemjua ameniuma. Nisubiri nione kama atakufa? (Kijana, Tukuyu)

Usisubiri: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa leo hii.