Maswali ya Wasomaji: Shamba kwa Siku Mbili, na Mbwa Ndani ya Gari

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tunakaa Fuoni. Tuna Hiace kuukuu ambayo tumeing'oa viti vya nyuma, tukaweka kitanda cha mbao, jiko la gesi na madumu mawili ya maji, na tunataka kutoka Ijumaa baada ya sala tukalale shamba mpaka Jumapili. Tatizo ni mbwa wetu, anayelinda banda la kuku. Hatuna wa kumwachia. Wenzetu wanatwambia kwamba tutafukuzwa kila tutakapoegesha. Twende wapi, tumtunze vipi, na tukitaka kusali humo ndani ya gari itakuwaje? (Msomaji, Fuoni)

JIBU: Waalaykum salaam. Wenzenu hawakukosea sana, ila wamemtwika mbwa lawama isiyo yake, kwani kinachomfukuzisha mgeni shamba aghalabu ni kuingia bila ya hodi. Pale ambapo mtu wa mjini huona kichaka kitupu huwa pana mwenyewe: minazi ina mwenyewe, ufukwe una wavuvi wake, na hata maweni yaliyoota magugu huenda ni konde ya mtu iliyopumzishwa. Basi mkifika mahali, mmoja wenu ateremke, mbwa abakie ndani, aende kwa sheha, kiongozi wa shehia, au kwenye kiambo kilicho karibu, ajitambulishe, aseme mtalala siku ngapi, na amtaje mbwa tangu mwanzo. Mbwa akigunduliwa usiku kwa kubweka huonekana kama kitu mlichokificha, lakini akitajwa mapema, mwenyeji mwenyewe hukuonyesheni pa kumfunga, mbali na mbuzi wake na mbali na njia ya watoto wa chuoni.

Kuhusu pa kwenda, Unguja nzima haifiki kilomita 90 kwa urefu, kwa hiyo sioni sababu ya kuizunguka kwa siku mbili na kumchosha mbwa kwa mtikisiko. Chagueni pahala pamoja mlale papo hapo. Mimi ningeelekea kusini, Muyuni au Makunduchi, kuliko Nungwi, ambako hoteli zimebanana na mbwa hana pa kupumulia. Njiani mtapita msitu wa Jozani. Punguzeni mwendo penye matuta, ambayo yaliwekwa kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa na magari, na mbwa msimteremshe hapo hata kwa haja ndogo, maana msituni mna paa nunga, mnyama adimu asiyehitaji adui mwengine. Wakati mzuri ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti; masika yakipamba moto, njia za udongo huigeuza safari kuwa kazi ya kusukuma gari. Na msiegeshe chini ya mnazi. Kioo cha gari langu kinajua kwa nini.

Hatari kubwa kwa mbwa ni joto. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na hewa anayoihema ikiwa ya moto hana namna. Joto la nje likiwa nyuzi 30, ndani ya gari lililofungwa kwenye jua linaweza kupita nyuzi 40 katika muda usiofika nusu saa, hata mkiacha upenyo mdogo kwenye vioo. Kwa hiyo msimwache humo "dakika tano tu" mkienda kununua mkate. Usiku fungueni madirisha na kuyaziba kwa wavu wa chandarua, na jiko la makaa lisilale ndani na watu kwa hali yoyote, kwa kuwa hewa yake huua bila ya kutoa harufu. Gesi nayo pikieni nje, au mlango ukiwa wazi kabisa.

Ufukweni afungwe kamba. Nalisema hili kwa aibu. Miaka michache iliyopita, alfajiri moja huko Bwejuu, nilimwachia mbwa wangu akimbie, akapita mbio, miguu ikiwa imelowa, katikati ya mwani ulioanikwa juu ya makuti. Mwenyewe, mama wa makamo, hakunigombeza. Aliinama tu, akaanza kuutenga mwani uliokanyagwa, tawi baada ya tawi, akiutia kwenye tenga ili akausuuze tena baharini. Nilimfunga mbwa kwenye mtende na kuinama pamoja naye mpaka jua likatuchoma migongo. Wakati wote huo hakunitazama usoni, na hilo lilinichoma zaidi kuliko jua.

Juu ya sala, mwenye kutoa hukumu ni sheikh wenu, na mimi nitasema tu yanayojulikana na wengi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, mate na majimaji ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ama kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Ndani ya gari, basi, jambo ni mpangilio: mbwa akae nyuma na tandiko lake na bakuli lake lisilochanganyika na vyombo vyenu, na msala utiwe kwenye mfuko wake ufungwe. Au salini msikitini, ambako mtapata pia kujuana na wenyeji.

SWALI: Sisi tutatoka Wete kwenda kulala usiku mmoja karibu na Vumawimbi na mbwa wetu wa mwaka mmoja. Je, kuna la kutahadhari? (Msomaji, Wete)

JIBU: Kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa, na iwe ya mwaka huu. Pemba iliwahi kukiondoa kichaa hicho kwa kuchanja mbwa, kisha kikarudi, kwa hiyo msijiaminishe kwamba hakipo. Mtu akiumwa na mbwa msiyemjua, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Mkipita msitu wa Ngezi, mbwa abakie garini.

La pili ni bunju, samaki mwenye sumu. Wavuvi humtupa mchangani, na mbwa kijana hula kila chenye harufu. Sumu ya bunju haiondoki kwa kukauka juani wala kwa kupikwa, na haina dawa ya kuivunja. Kabla ya kumfungulia mlango asubuhi, mmoja wenu atembee kwanza pale maji yalipoacha takataka, atazame. Mkimwona mbwa ametafuna samaki kisha anapepesuka au anatokwa na mate mengi, kunjeni kambi mumuwahishe kwa daktari wa mifugo, hata kama chai ndiyo kwanza imewekwa jikoni.