Pikipiki ya miguu mitatu yenye injini ya kobe: yaliyonikuta Mwanza

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umepata pikipiki ya miguu mitatu ya kuundwa gereji, mbele pikipiki kubwa, nyuma Volkswagen kobe (ile Beetle). Imelala uani kwa mtu huko Nansio, Ukerewe, miaka mingi, hujawahi kufufua chombo chochote, na unataka uibomoe yote wikiendi hii ili uiwahishe kwa fundi rangi. Kwa heshima zote, weka spana chini kwanza.

Yangu niliikuta Pasiansi chini ya mwembe, kuku wametaga kwenye kiti. Muuzaji akaapa kwamba injini ni ya cc 1600 na kwamba "inahitaji betri tu". Sijawahi kuuziwa mkweche nchi hii usiohitaji betri tu. Nikalipa, nikaipandisha kwenye kirikuu, watoto wa mtaani wakatusindikiza hadi nyumbani wakiimba bajaji ya mzungu, bajaji ya mzungu.

Ijumaa jioni nikaanza kufungua. Jumapili nikawa na fremu tupu na ndoo mbili za mafuta ya kupikia zilizojaa nati, bolti, washa na pini, vyote vimechanganyika kama makande. Picha sikupiga hata moja. Ujinga huo ulinila zaidi ya mwaka. Gari la kiwandani ukilibomoa hovyo, utatafuta jingine kama lile ukachungulie. Hii haina ya kuchungulia. Mzee mmoja fundi wa Mabatini alikuja kuniangalizia, akaizunguka fremu mara mbili, akacheka: "Ng'wanawane (mwanangu, kwa Kisukuma), hii ina baba wengi ila haina mama." Na kweli. Shokapu za mbele zilikuwa za Honda, rimu ya mbele ya pikipiki nyingine kabisa, masta silinda ya breki ya pikapu ya Toyota, swichi ya taa ya bajaji, ekseli na gia boksi za kobe. Kila kifaa kina kitabu chake mahali fulani duniani, lakini chombo chenyewe hakina kitabu. Kitabu utakiandika wewe, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya kufungua hata nati moja.

Nunua daftari kubwa. Piga picha kila upande, kila waya, kila mpira wa mafuta. Halafu tafuta namba. Kwenye injini ya kobe namba imegongwa kwenye bloku, chini kidogo ya kiti cha dainamo. Herufi za mwanzo ndizo zinazokuambia una nini: D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500, AD ni 1600. Yangu nilipoisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa ikatokea F. Hiyo 1600 ya muuzaji ilikuwa imebaki Pasiansi.

Usidhani ni suala la ubishi wa vijiweni. Injini za mwanzo za 1300 zilitoka na umeme wa volti 6, na gurudumu la injini, hilo linaloshikwa na stata, lina meno 109. Zilizokuja na volti 12 zina meno 130. Mimi nilifunga stata ya volti 12, ikasaga kama mashine ya mahindi. Nikailaumu stata, nikanunua nyingine, nayo ikasaga. Hela mbili zimekwenda ndipo yule mzee akaniuliza kama nimehesabu meno. Nikahesabu kwa chaki: 109. Dawa ikawa stata ya zamani ya volti 6 yenye meno yanayolingana. Inavumilia betri ya volti 12 mradi usiipigishe muda mrefu, sekunde chache tu unaachia. Hadi leo ndiyo inayoniwashia.

Kuhusu kutu tuna bahati kuliko wenzetu wa Dar. Maji ya Ziwa hayana chumvi, kwa hiyo chuma hakiliwi kwa kasi ile ya pwani. Adui yako ni vumbi lililoingia ndani ya mabomba ya fremu kisha likanyeshewa. Gonga bomba zima kwa nyundo ndogo. Panapolia vizuri pako salama, panapolia kama kopo kata uangalie. Halafu kuna kuchomelea. Hujui aliyeichomelea alikuwa nani wala siku ile aliamkaje. Sehemu ya kuogopa ni shingo ya usukani, kwa sababu hizi za kuundwa zina shokapu ndefu zilizolazwa mbele, na kila shimo la barabarani linapiga pale pale. Kuna njia ya kizamani ya kuona ufa ambao jicho halioni: safisha chuma hadi king'ae, paka mafuta ya taa, subiri, futa kikauke kabisa, kisha pakaza unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Mimi nilichorewa mistari miwili. Nikaipeleka Nyakato kwa mchomeleaji mzuri, akakata kabisa weldi ya zamani na kuongeza mabati ya pembe tatu pande zote mbili. Usikubali mtu akupakie weldi mpya juu ya ile ya zamani.

Breki. Hapa nitakaa kidogo, maana ndizo zilizotaka kunizika. Nyuma nilikuta drum za kobe, za mafuta, na ukikanyaga pedali inakuwa ngumu halafu hairudi. Nilipofungua, mipira ya wili silinda, zile silinda ndogo za breki kwenye magurudumu, ilikuwa imevimba kama maandazi. Aliyenitangulia alijaza mafuta ya haidroliki ya mashine badala ya mafuta ya breki. Kwa mpira wa breki hiyo ni sumu. Ilibidi nitupe kila kitu cha mpira kuanzia masta silinda hadi mwisho, nisafishe mabomba kwa spiriti, nianze upya na mafuta ya breki ya DOT 4. Usijaribu kuokoa mpira uliokwisha kuvimba, hata kama unaonekana umenywea.

Na ile nati kubwa ya ekseli ya nyuma, ya spana ya 36. Inatakiwa ikazwe kwa karibu nyutonimita 300, na gereji nyingi za mtaani hazina spana ya kupima nguvu hiyo. Sisi tulipiga hesabu: mtu wa kilo 60 akisimama kwenye bomba lililolala sawasawa, nusu mita kutoka katikati ya nati, anatoa karibu hiyo hiyo. Mwanangu ana kilo 60 na kidogo. Akasimama, nikashika bega lake, kazi ikaisha. Tundu la pini lisipolingana, kaza mbele hadi lilingane. Usirudishe nyuma hata kidogo. Nati hii ikilegea, meno ya ndani ya drum na ya ekseli yanasagana hadi yanaisha, na siku moja utawasha, utaingiza gia, injini itanguruma na chombo hakiendi popote.

Injini yenyewe ni rahisi kuliko unavyoogopa. Haina rejeta, haina maji. Oili ni lita 2.5 tu, na haina filta ya kubadilisha, ina chujio la waya chini. Uwazi wa valvu unapima injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15. Plagi zinawaka kwa mpangilio wa 1-4-3-2. Lakini angalia mabati yake ya kupozea. Waliounda hivi vyombo walipenda injini ionekane, wakang'oa mabati, na kumbe ndiyo yanayobana upepo wa feni upite kwenye silinda. Silinda namba 3 ndiyo inayoungua kwanza, kwa sababu kwenye injini hizi za zamani kipoza oili kinaiziba upepo. Yangu ilikosa mabati yote ya chini. Kupanda mlima wa Bugando mara moja tu ilitosha kunusa oili inavyoungua. Nikachora vipimo kwenye boksi la karatasi nikampelekea fundi bati, hawa wanaotengeneza karai na majiko, akanikatia kwa siku moja. Ndiyo pesa ndogo kuliko zote nilizotumia, na ndiyo iliyookoa injini.

Mipira ya petroli badilisha yote, hata ile inayoonekana mizima. Kagua pia kijibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta. Kwenye zilizozeeka huchomoka chenyewe, na petroli humwagikia injini ya moto. Bloku ya injini hii ina magnesiamu, madini yanayoweza kuwaka. Ikishika moto usimwagie maji, yanauongezea. Mimi natembea na mtungi wa unga wa kuzimia moto umefungwa chini ya kiti, ili niwahi kuuzima ukiwa bado wa petroli.

Spea: Mwanza hautazikuta zimepangwa dukani. Mimi nyingi zilitoka Nairobi, zikaja kwa basi kupitia mpaka wa Sirari. Usikate tamaa lakini. Kobe ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, kwa hiyo vitu kama gasketi, klachi na kebo bado vinatengenezwa vipya. Na uliza wazee. Kuna uani za watu kando ya Ziwa zenye mabodi ya kobe yamegeuzwa mabanda ya kuku.

Karatasi: kabla hujamaliza kulipa, linganisha namba ya fremu na kadi, kisha ukaulizie TRA (mamlaka ya mapato). Kadi yangu ilisema gari dogo la magurudumu manne. Ilinigharimu safari kadhaa na ukaguzi wa trafiki kabla haijakaa sawa.

Rangi ndiyo ya mwisho, wala sina mengi. Ila usipige jioni karibu na maji. Mimi nilijifanya mjanja, nikaenda kupigia kwa rafiki yangu Igombe, tukawasha taa kubwa giza lilipoingia. Wale wadudu wa ziwani, wanaonyanyuka kama moshi juu ya maji, wakaja wote. Asubuhi tangi lilikuwa na manyoya. Nilikwangua kwa msasa siku mbili.

Kuendesha. Kama umezoea bodaboda, sahau. Hailali kwenye kona. Unageuza usukani kwa mikono na wewe mwenyewe unaegemea upande wa ndani. Uzito wote uko nyuma, kwa hiyo tairi la mbele ni jepesi: ukibana breki ya mbele kwenye changarawe linateleza na unakwenda moja kwa moja. Na usishushe mguu ukisimama! Mwili utataka kushusha kwa mazoea, na tairi la nyuma liko pale pale linasubiri kigimbi cha mguu wako. Wiki mbili za mwanzo nilifunga kamba nyekundu kwenye sehemu ya kukanyagia ili nikumbuke.

Haijakamilika. Indiketa ya kushoto inawaka haraka kuliko ya kulia na sijajua kwa nini, na mvua ikinyesha naiacha nyumbani. Wewe kesho chukua brashi ya waya, sugua chini ya dainamo, piga picha ya namba uitundike hapa. Hesabu na yale meno. Tukishajua una injini gani, ndipo tuzungumzie uanze kufungua wapi.