Shangazi, mdogo wangu yuko mahabusu

Swali: Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu wa kiume, miaka 22, ameingia mahabusu juzi. Hajawahi hata kulala bweni. Nikienda kumwona nimwambie nini ili akae salama na wenzake?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nililala selo moja na wanawake 11 kwa miezi 14, kwa hiyo nakujibu niliyoyaona.

Kesi yake aizungumze na wakili tu. Humo wapo wanaochota maneno na kuyapeleka kwa askari ili wapate nafuu yao. Wala asimuulize mwenzake kosa lake; anayetaka kusema atasema mwenyewe.

Asikope, tafadhali. Wiki ya kwanza nilikopa kipande cha sabuni, nikafua nguo za mtu mwezi mzima. Asiye na cha kulipa hulipa kwa kutumwa, na kutumwa hakuna mwisho. Kama mnaruhusiwa, mpelekee sabuni yake.

Asikalie godoro la mtu, asiguse kitu bila kuomba, aoge, asalimie kila asubuhi.

Akitishwa au kuguswa, asinyamaze. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, zilizopitishwa 2015, zinataka kila mfungwa apate nafasi ya kulalamika kila siku. Hiyo ni kanuni ya 56. Ya 11 inataka mahabusu watengwe na waliohukumiwa. Mtajie wakili wake kanuni hizo.

Nawe usiache kwenda, mwanangu. Mimi siku ya wageni nilikuwa naihesabu tangu Jumatatu.