Maradhi ya kwa baba yananihusu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, nalima korosho Newala. Mwaka jana baba alifariki kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 54. Kabla macho hayajawa manjano alishakonda hadi akatoboa tundu jipya la mkanda kwa msumari, kisha jingine. Shangazi, dada yake, alikatwa titi akiwa na miaka 42. Mzima mpaka leo. Mjomba anasema sisi Wamakonde ukoo ni wa mama, maradhi ya kwa baba hayatuhusu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mimi pia ni Mmakonde, nimelelewa kwa wajomba, na kwenye mambo ya ukoo simpingi mjomba wako. Lakini vinasaba havifuati utaratibu huo. Nusu ya ulivyonavyo umepewa na baba.

Kilichonishtua zaidi kwenye barua yako ni shangazi. Watu huhesabu kongosho kwa kongosho, titi kwa titi, kama maradhi mawili yasiyojuana. Ipo jeni, yaani kinasaba kimoja, iitwayo BRCA2: ikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya titi, ovari, tezi dume na kongosho pia. Mwanamume anaweza kuwa na hitilafu hiyo maisha yake yote bila kuugua, akamrithisha binti yake. Kama baba yenu alikuwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Sisemi mnayo. Saratani za kongosho zilizo nyingi, kama tisa katika kumi, hazitokani na jeni ya kurithi, na hata mwenye hitilafu hiyo anaweza kuzeeka asiugue. Ila umri wa shangazi alipougua haunipi raha.

Kwa hiyo anza kwake. Kipimo, ambacho ni cha damu tu, huanzia kwa aliyeugua. Akikutwa nayo, nyinyi mtapimwa hiyo hiyo moja. Usipokutwa nayo, hukuirithi, wala wanao hawataipata kwako. Mwombe daktari wake awaandikie rufaa kwa mtaalamu wa vinasaba. Na kama unavuta sigara, acha leo, maana sigara peke yake huongeza hatari ya kongosho karibu mara mbili.

Ukienda kwa shangazi, nenda na dada zako. Wao wana ya kuuliza kuliko wewe.