Kurusha warukaji wa miavuli: mambo ya kushika kabla ya kupaa nao

Rubani anayetoka chuoni na leseni ya urubani wa biashara na saa 200 na ushee za kurusha ndege hukuta waajiri wengi wanataka saa nyingi zaidi ya alizo nazo. Kupandisha warukaji wa miavuli ni mmoja wa milango michache iliyo wazi kwake, iwe Marekani ambako viwanja vya mchezo huu vimejaa, au huku kwetu Diani, pwani ya Kenya. Mlango ni mzuri, ila asiingie mtu akidhani ni kazi ya kupanda na kushuka tu. Mwaka 2008 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa ripoti maalumu: tangu 1980, ajali 32 za ndege za warukaji zilikuwa zimeua watu 172, wengi wao warukaji wenyewe. Iliyoyataja ni mambo ya kila siku: matengenezo hafifu, ukaguzi wa kabla ya kupaa, hesabu ya uzito, na rubani kutojua la kufanya mambo yakiharibika.

Kuna uwezekano mkubwa uanzie kwenye Cessna 182, ndege ndogo ya injini moja. Viti vyote hung'olewa isipokuwa cha rubani, mlango wa kulia hufunguka kwenda juu chini ya bawa, na warukaji wanne huketi sakafuni. Kila mmoja akae amefunga mkanda mpaka mfike kimo mlichokubaliana. Wapime wakiwa wamevaa vifaa vyao, kwa sababu mwavuli wa tandemu, ule wa kubeba watu wawili, peke yake una kilo 20 na zaidi. Ili ndege iwe nyepesi mafuta hubebwa kidogo, na hapo ndipo mtego ulipo. Geji za ndege hizi hazifai kuaminiwa. Pima kwa kijiti ndani ya tangi. Weka kanuni yako kabla siku haijaanza: mafuta ya mruko mzima pamoja na dakika 30 za akiba, chini ya hapo hupai, hata kama foleni ya wateja inakutazama.

Sehemu inayotenganisha kazi hii na urubani mwingine ni ile dakika ya kuruka. Mwendo ni noti (maili za baharini kwa saa) 70 hadi 80, nguvu imepunguzwa, mlango wazi, upepo unavuma ndani. Mrukaji wa kwanza anakanyaga kipandio na kushika nguzo ya bawa. Upande wa kulia unapata ukinzani mkubwa, pua inavutwa kulia. Kanyaga pedali ya kushoto papo hapo na ongeza nguvu kidogo. Kama kuna anayekanyaga gurudumu, shika breki, la sivyo litazunguka chini ya mguu wake. Wakati huohuo kitovu cha uzito kinahama. Kwenye ndege kubwa zenye mlango wa nyuma hali ni mbaya zaidi: kundi likijazana mlangoni, mkia unaelemewa, pua inainuka na mwendo unakufa. Huko Umeå, Uswidi, mwezi Julai 2019, ndege moja aina ya Airvan ilipoteza udhibiti ikiwa mawinguni, mwendo mdogo na uzito umerudi nyuma. Wote 9 walifariki. Kwa hiyo elewaneni chini, kabla ya kupaa, ni wangapi wanaruhusiwa kusimama mlangoni kwa mara moja. Wewe macho yako yabaki kwenye kipima mwendo. Ukihisi ndege inatikisika kuashiria stoli, yaani mabawa kukaribia kushindwa kuibeba, sukuma usukani mbele na uwaambie waruke au warudi ndani. Usiwasubiri wamalize kujipanga.

Kikubwa cha kuogopa mlangoni ni mwavuli kufunguka mahali pasipofaa. Kipini cha kufungulia mwavuli kikikwaruzwa na fremu ya mlango, kitambaa kikatoka nje, mwenye mwavuli lazima atoke sekunde hiyohiyo. Akichelewa, kitambaa hunasa mkiani na ndege nzima huharibika. Kagua kingo za mlango na kipandio kila asubuhi, funika kila ncha kali kwa tepu.

Hesabu ya upepo nayo ni yako, hata kama kuna mtaalamu wa kuchagua mahali pa kurukia. Upepo wa wastani wa noti 20 humsukuma mtu karibu mita 600 katika dakika moja ya kuanguka. Nafasi kati ya kundi na kundi iwe angalau mita 300: kwa mwendo wa noti 80 juu ya ardhi ni sekunde 7 au 8, upepo wa mbele ukikushusha hadi noti 50, ni sekunde 12. Pwani yetu ina ugumu wake. Kusi na kaskazi zote mbili hutokea upande wa bahari, na upepo wa juu ukifuata mkondo huo, mahali sahihi pa kuruka panaangukia juu ya maji. Vifaa vya kuelea si hiari hapo.

Warukaji wakishatoka na mlango kufungwa, usiondoe nguvu yote ya injini kwa mara moja. Injini iliyochemka kwa dakika 20 ikipozwa ghafla, silinda huweza kupasuka. Funga vijilango vya kupozea injini, punguza shinikizo la manifoldi (la hewa inayoingia kwenye injini) inchi moja kwa dakika, na washa joto la kabureta, maana injini ya 182 hupenda kuganda barafu pale nguvu inapopungua. Ukishuka ukiwa bado na mrukaji ndani, mlango ufungwe na usizidi futi 1,500 kwa dakika: kifaa cha mwanafunzi kinachofungua mwavuli chenyewe hufyatuka karibu na futi 1,000 kikihisi mita 13 kwa sekunde, yaani takriban futi 2,500 kwa dakika. Mwavuli ukifunguka ndani ya ndege mlango ukiwa wazi, ile hatari ya kitambaa kunasa mkiani inarudi palepale.

Kabla hujasaini mkataba, omba kuona kitabu cha matengenezo na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Uliza nani atakufundisha na kwa miruko mingapi kabla ya kuachwa peke yako, na ikiwa utapewa mwavuli wa dharura wa rubani, ulikunjwa lini mara ya mwisho. Marekani muda wake ni siku 180 kwa kitambaa cha nailoni. Uliza pia kama unalipwa kwa mruko au kwa siku, kwa kuwa anayelipwa kwa mruko hushawishika kupaa jioni wakati wingu limeshafunika kiwanja.